Mashine ya Mama ya Kusagia Kimea

Wiki mbili zilizopita wameiba mashine ya mama. Mjukuu wangu Trésor anapenda kusema imepotea, kwa sababu vijana walioichukua ni wa mtaa wetu na yeye anasalimiana nao kila asubuhi. Lakini chuma kizito kilichofungwa mezani kwa skrubu mbili hakipotei. Waliingia uani mchana kweupe nikiwa kwenye misa, wakaifungua, wakaipakia kwenye mkokoteni na kwenda kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, watu ambao hawamwulizi mtu chochote. Nimewafuata wanunuzi hao hapa mtaani kwetu Manika mmoja mmoja, na miguu yangu hii inayouma. Kila mmoja ananijibu, "Mama, ile chuma ilishakwenda."

Walichoniachia ni mkono wake tu, ule wa kuzungushia, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeuchomoa ili uzuie mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo. Ni kipande cha chuma kilichopinda, na mwishoni kina kishikio cha mti. Niliporudi kutoka kuwatafuta wanunuzi niliuokota, nikanusa kile kishikio, na hapo hasira hii mpya ikakutana na nyingine ya zamani sana. Mti ule umenyonya kimea tangu nikiwa mtoto. Ninyi mliokulia kambi za mgodi mnaijua harufu ninayosema: nafaka iliyolowa, tamu kidogo, chachu kidogo, ya magunia yaliyofunikwa nyuma ya nyumba kwa siku tatu nne. Nilikaa kizingitini nikiwa nimeushika ule mkono. Nikamkumbuka Madame, nikamkumbuka baba, nikajikumbuka na mimi mwenyewe, wala sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Mashine ile mama hakuinunua. Alipewa zawadi. Wakati ule Wazungu walikuwa bado ndio wenye nchi, na sisi tulikaa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja, zote sawasawa, hata ukirudi umechoka unaweza kuingia kwa jirani. Wake za wafanyakazi walipelekwa fuwaye, nyumba ya masomo ya akina mama, wakafundishwe kushona, kupiga pasi na kupika uji, kana kwamba sisi tulikuwa tumelelewa kwa majani. Aliyewasimamia alikuwa mama wa Kizungu ambaye wote tulimwita Madame tu. Kila mwezi alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Aliinua vifuniko vya masufuria, alitazama chini ya vitanda, aligeuza godoro na kulinusa. Nikisimulia haya wajukuu wananiuliza kwa nini hatukumfungia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa kampuni.

Mama alishinda kwa usafi wa nyumba katika mstari wetu. Akaitwa mbele ya wenzake, akapewa mashine mpya ya kusagia, ya mkono, iliyopakwa rangi ya kijani, na wote wakapiga makofi. Madame akaeleza kuwa ni ya kusagia unga mpya wa uji wa watoto. Unga tulikuwa tunapewa kila wiki pamoja na poso, ule mgao wa chakula wa kampuni, umeshasagwa na kupimwa, lakini hakuna aliyemkumbusha. Baba aliifunga kwenye meza nyuma ya nyumba, mama akamwaga mahindi, akaanza kuzungusha. Yakatoka yamepasuka vipande viwili vitatu tu. Akakaza skrubu ya pembeni hadi mwisho, akayapitisha tena. Yakatoka vilevile. Ndani mlikuwa na sahani mbili za chuma zenye meno, na hata ukaze namna gani hazikukutana. Kati yake palibaki nafasi ya kupitisha ukucha. Mashine ilikuja hivyo kutoka kwenye sanduku lake, na mama hakuwa ameigusa kabla ya siku ile.

Kwa unga wa bukari, ugali wetu, haikufaa kitu. Lakini jirani yetu Mama Kabedi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa mbali kule Musonoi bila kutoka nyumbani, alileta sahani ya kimea ajaribu. Kimea ni ulezi uliolowekwa, ukachipuka, ukaanikwa hadi ukauke. Ndio unaofanya pombe iwe pombe. Kimea hakitaki kusagwa kiwe unga. Kinataka kupasuliwa tu, ganda libaki kubwa, ili siku ya kuchuja maji yapate njia ya kupita kwenye gunia. Kwenye kinu mwanamke alipigana nacho nusu siku, akizidisha kidogo kinasagika, akipunguza punje zinabaki nzima. Mashine ya mama ilikipasua chote sawasawa kwa muda wa kuchemsha maji. Mama Kabedi alichota kiganjani, akakipuliza, akamtazama mama, wakacheka wote wawili hadi wakashikana mabega. Tangu siku ile wanawake wa mstari mzima walikuja kwetu na kimea chao, na aliyezungusha mkono nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la pili, na kazi ile niliiona kubwa kuliko ya baba mgodini.

Mambo haya ya wanawake sikuyaelewa wakati ule. Mimi nilijua kuzungusha tu. Hakuna aliyenieleza kwa nini kimea kiwe kinene, na kwangu mimi mashine ilikuwa mbovu tunayovumilia kwa kuwa hatuna nyingine. Neno hilo nililisikia kwa Madame. Mwezi uliofuata alikuja, akaomba aonyeshwe unga, mama akasaga mahindi mbele yake, yakatoka vipande. Madame akakunja uso. Mbele ya majirani akasema mama ameiharibu, bila shaka amesaga mawe au mifupa, na kwamba ndivyo tulivyo, tukipewa kitu kizuri hakimalizi mwezi. Akaandika kwenye daftari. Akaongeza kuwa asipokuta unga mzuri safari ijayo ataichukua, ampe mwanamke anayejua kutunza. Mama alitazama chini, akasema, "Ndiyo, Madame." Nilisikia uso wangu ukiwaka moto. Nilitaka aseme ilikuja hivi, na hakusema.

Sasa najua kwa nini. Angemwambia kuwa mashine haisagi unga lakini inapasua kimea vizuri kabisa, angekuwa amemwambia kwamba zawadi ya uji wa watoto inatengeneza pombe. Pombe kidogo ya nyumbani polisi wa kambi waliifumbia macho, maana hata wao walikuja kuinywa. Lakini jina lingeandikwa, na baba angeitwa ofisini. Kwa hiyo mama alikubali kuitwa mharibifu ili abaki na mashine yake. Mimi niliona kunyamaza kule nikadhani ni aibu. Baba, aliyesimuliwa jioni, naye alidhani hivyohivyo, na yeye alikuwa mtu mzima.

Mwaka ule mama alikuwa katika nguo nyeusi. Mama yake alikufa kule kwetu Kasai, na kampuni haikutoa ruhusa ya safari kwa kifo cha mama mkwe wa mfanyakazi. Walisema mama mkwe si ndugu. Basi mama alimlilia hapo hapo kambini, kwenye mkeka, na bibi yangu akazikwa na watu wengine. Nguo nyeusi hazivuliwi hivi hivi tu. Kwetu lazima watu wakutane, ndugu wa kiume wa marehemu au mtoto wake wa kiume awepo, na pombe ya kumaliza kilio iwe imepikwa na binti yake kwa mikono yake. Pombe ya pipa zima ilihitaji karatasi ya mkuu wa kambi. Mama aliiomba karatasi hiyo mara nne. Mwishowe akapewa, ya Jumapili moja, pipa moja, hadi saa kumi na mbili jioni. Kaka yake, mjomba wangu wa Likasi, alipata ruhusa ya kuja kwa gari la moshi Jumapili hiyo hiyo na si nyingine. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye siku moja. Mama alichipusha ulezi wa kutosha, akaanika, akapanga: Alhamisi kusaga na kuchanganya, Jumamosi kuchuja, Jumapili kuvua nyeusi.

Baba alikuwa msaidizi wa fundi kwenye ateliye, karakana ya mgodi, mtu mpole, asiyependa maneno mengi, na maneno ya Madame yalimkaa kooni. Jumatano asubuhi, mama akiwa bado mtoni na nguo, aliifungua mashine, akafunika meza kwa gunia tupu, akaiweka ndani ya mfuko wake na kwenda nayo kazini. Aliirudisha jioni mama akiwa kwenye sala kwa Mama Kabedi. Mimi nilimwona. Akanionyesha: nyuma ya sahani moja palikosekana pete ya chuma. Waliotengeneza walisahau kuitia. Yeye ameikata mpya, ameisugua hadi ikakaa sawa, na skrubu ameikaza kwa spana ili isilegee kamwe. Alikuwa na furaha ambayo sikuizoea usoni kwake. Akaniambia nisiseme kitu, mama atajionea mwenyewe kesho. Nikaapa.

Alhamisi mama alinipa kimea chote, beseni mbili, akaniambia nisage kama siku zote wakati yeye anakwenda kutafuta kuni za kutosha pipa. Nikaanza. Mkono ukawa mzito, nikausukuma kwa mikono miwili, nikausukuma kwa tumbo. Kilichotoka kilikuwa laini kama poda ya mtoto. Nilikifikicha kwa vidole, kikapanda juu hewani. Sijawahi tena kuwa na majivuno kama yale. Kiganja kiliota malengelenge, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Na punje chache nilizoziona ni nene, nilizirudisha juu nikazisaga mara ya pili. Nilimaliza beseni zote mbili. Huwa nakaa hapa nikiwaza kwamba kama ningekuwa mvivu kidogo tu, kama watoto wengine, nusu ya kimea kile ingepona.

Nilikuwa nafagia poda kwa mkono kutoka mezani Madame alipoingia uani na daftari lake. Alitia kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Akaniuliza ni kitu gani. Nikajibu kama tulivyofundishwa shuleni, nimesimama wima, "Unga, Madame," na sikuwa nadanganya. Akatabasamu. Akatoa kopo kwenye kikapu chake, akachota kwenye kimea cha kilio cha bibi yangu, akafunika, apeleke fuwaye kuwaonyesha wengine. Hakuomba. Wakati huo mama akaingia na mzigo wa kuni kichwani, katika nguo zake nyeusi.

Aliona beseni kabla hajamwona Madame. Alitua kuni polepole, zaidi ya kawaida yake. Madame akamfuata, akamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa Mzungu na mama wa kambini, akautikisa juu na chini.

"Muzuri sana, mama," alisema kwa Kiswahili chao kile cha kuamrisha. "Sasa weye najua."

Mama akasema, "Ndiyo, Madame." Machozi yakamtoka, yakashuka hadi kidevuni, hakuyafuta. Madame naye akaguswa, akampiga piga begani, akaenda zake kwa nyumba ya pili.

Mimi nilijua machozi hayo ni ya nini. Mama alikuwa amesifiwa, ameshikwa mkono, ameshinda. Sikungoja hata aniambie kitu. Nilitoka mbio na kitambaa changu mkononi, nikapita mlango kwa mlango mstari wote, nikitangaza kwamba mashine imepona, Madame amempa mama mkono, na mama amelia kwa furaha. Nilitangaza hadi kwa watu tusiowajua. Hata leo nikikumbuka, masikio yananiwaka.

Niliporudi mama alikuwa ameketi chini kando ya meza, miguu imenyooka, mikono ndani ya beseni, anainua ule unga na kuuacha uporomoke. Hakunipiga. Aliniuliza tu nani aliigusa mashine, nikamwambia ni tata, yaani baba. Akatikisa kichwa. Kisha wanawake wakaanza kuingia, niliowaita mimi, wakicheka na kupiga vigelegele, Mama Kabedi mbele. Alipotazama ndani ya beseni kigelegele kilimfia mdomoni. Nikaona nyuso zao zote zikigeuka, na hapo ndipo nilipoelewa kuwa nimefanya jambo baya, ingawa bado sikujua ni lipi.

Baba alirudi baada ya king'ora cha saa kumi, ameshaosha mikono kazini, amevaa tabasamu lake jipya. Akawakuta wanawake wamekaa uani kwake. Alidhani wamekuja kumshukuru. Akamwuliza mama kama ameona.

"Nimeona," mama alisema. "Hii yote haitachujika. Itakuwa gundi."

Baba akatazama beseni, akatazama mashine. Akaanza kueleza habari ya pete, jinsi ilivyokosekana, jinsi alivyoikata. Mama alimwacha amalize.

"Mi nilitaka ule Madame asiseme tena asema unaharibishaka bitu," baba akasema mwishoni. "Nilikutengenezea mashini."

Mama alinyanyuka. Alikuwa mdogo kuliko baba, na sikuwahi kumsikia akimjibu mbele ya watu.

"Tata Ngalula," alisema, akimwita kwa jina langu. "Nani alikuambia asema iliharibika?"

Baba akaishika mashine kwa mkono mmoja. Akaniangalia mimi, kana kwamba nitamsaidia. Kwa kweli hakuna aliyemwambia kwamba imeharibika isipokuwa Madame. Alikunywa pombe ya mashine ile siku zote hizo, akaisifu, akaomba kikombe cha pili, na bado neno la Madame ndilo alilolishika. Na mimi niliyeizungusha kila wiki nililishika hilo hilo. Mama hakungoja jibu. Aligeuka kwa wenzake, akawauliza nani anafuga bata.

Sikuona bata wanahusika vipi. Mama Kabedi aliona mara moja, akatoka mbio, yeye aliyekuwa mzito wa kukimbia. Wanawake waliolima mahindi yao nyuma ya reli waliyatwanga kwenye kinu, na makapi yake waliyaweka kwenye magunia kwa ajili ya bata na kuku. Wakayaleta yote. Wakayaosha kwenye maji mara tatu, mara nne, hadi maji yakawa meupe, wakayakamua, wakayachanganya na kimea kilichosagika na uji wa mahindi uliopoa. Ganda ambalo mimi nililiua wakalitafutia ganda jingine. Walifanya kazi hadi jua likashuka nyuma ya rundo la udongo wa mgodi, na bata wa mstari mzima walilala njaa. Baba alibeba maji. Alibeba ndoo baada ya ndoo bila kuambiwa, na hakuna mwanamke aliyemtazama.

Jumamosi ilichujika, kwa shida. Wawili walisokota gunia huku na wawili kule, na iliyotoka haikujaza pipa. Ilikuwa ya kijivu, nyepesi, na nyuma ya ulimi ilibaki ladha ya vumbi la kinu. Jumapili mjomba alifika kutoka Likasi, akamvua mama kitambaa cheusi cha kichwani mbele ya watu, akamfunga cheupe. Wazee walikunywa pombe ile. Walimwaga kidogo chini kwa ajili ya bibi, wakanywa, wakasema ni nzuri, na kila mmoja aliacha kikombe chake kina nusu. Saa kumi na mbili kamili polisi wa kambi alisimama mlangoni na karatasi mkononi.

Kwa hiyo kilio kiliisha. Wengine watasema basi, nini tena. Lakini mama hakusahau, na mimi sitaki kusahau kwa niaba yake. Hakumzika mama yake kwa sababu ofisi ilisema si ndugu, na nafasi moja aliyopata ya kumsindikiza alimsindikiza na pombe ya makapi ya bata. Alilisema hilo hata akiwa mzee, hapa hapa Manika, akiwa hawezi tena kukumbuka majina ya watoto wangu. Na mtu aliyeanzisha yote alikwenda kwao akiamini kwamba siku ile alimfurahisha mwanamke mmoja Mwafrika hadi akalia.

Jumatatu, aliporudi kazini, baba aliifungua mashine. Alitoa pete aliyoikata, akaitupa chooni. Kisha akafanya kitu ambacho fundi hafanyi. Alichukua tupa, akalisugua bega la sahani ile hadi likawa pungufu zaidi ya lilivyokuja, ili mtu yeyote asiweze kulitengeneza tena, hata yeye. Mama alimshikia taa jioni yote ile ya mawingu. Usiku alimpa kikombe cha pombe ileile iliyobaki, na baba akamaliza chote.

Madame alirudi mwezi uliofuata. Alimwaga mahindi mwenyewe, akazungusha mwenyewe, yakatoka vipande viwili vitatu. Akasema ameshasema. Akaandika. Mama akaitikia ndiyo, Madame, mikono nyuma, na safari hii nilikuwa nimesimama karibu, nikaona vidole vyake nyuma ya mgongo vimekunjana hadi vimekuwa vyeupe. Hakuichukua, kwa vile nani angeitaka mashine mbovu. Ilibaki kwetu. Ilipasua kimea cha kilio cha watu wa mstari wote, na cha ndoa zetu, na cha siku ile bendera ilipobadilishwa, siku ambayo hakuna aliyeomba karatasi. Ilipasua kimea cha kilio cha baba. Cha mama mwenyewe nilikizungusha mimi, nikiwa na mvi tayari, na pombe yake ilichujika safi hadi watu wakagombea vikombe.

Jana Trésor amekuja na sanduku. Mtoto ana moyo mzuri, nakiri. Amenunua mashine mpya ya umeme, inang'aa, ina vitufe vitatu, akaiweka juu ya meza palepale penye matundu mawili ya skrubu. Alikuwa na tabasamu ambalo nililijua, ingawa yeye hakuwahi kumwona mwenye nalo.

"Kaku, acha kukasirika," akaniambia. "Ile ya zamani ilikuwa ya kuharibika tu."

Nilikuwa na ule mkono wa chuma mapajani. Maneno yalitoka kabla sijayatafuta.

"Nani alikuambia asema iliharibika?"

Akaishika mashine yake kwa mkono mmoja. Mama aliishia hapo, akageukia wenzake, akatuacha baba na mimi tukijitafutia jibu wenyewe, na mimi nimelitafuta maisha mazima. Nikamwambia Trésor achomoe waya wa mashine yake na avute kiti. Nikampa ule mkono aunuse, nikaanza kumweleza.